Mto Haukumchukua Mama Yako

Kwa Syombua,
Alhamisi, saa kumi jioni

Syombua, mwaitu,

Umeenda kanisani na shangazi yako Kavata kuwaaga wanakwaya wenzako, na nyumba imebaki na mimi na sanduku lako lililo tayari mlangoni. Nimechukua kalamu yako bila ruhusa. Sitakuandikia habari za kula vizuri na kuchunga afya, maana muuguzi katika nyumba hii ni wewe. Wala sitakufundisha namna ya kuishi na watu wa Garissa, mji ambao mimi mwenyewe sijafika. Kesho asubuhi unaondoka, na kuna jambo la hapa nyumbani ambalo hulijui. Watu wazima wote wa kijiji hiki wanalijua. Wewe peke yako ndiye uliyefichwa, na mimi ndiye niliyekuficha.

Ili ulielewe, itabidi nianze mbali kidogo.

Kwenye ukuta wa ofisi ya chifu kuna ramani. Nimeitazama mara nyingi nikingoja kuhudumiwa. Soko la Kwa Vonza limo, barabara imo, na mto wetu umo, ingawa umechorwa kwa vistari vilivyokatika kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka hauna maji ya kuonekana. Kijiji chetu hakimo. Kati ya kilima cha mawe meusi na ukingo wa mto pana nafasi nyeupe ambayo naweza kuifunika kwa ukucha. Humo ndimo tulimokulia sote.

Nyanya yako, ambaye una jina lake na ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu, alifika hapa miaka michache baada ya uhuru. Alitoka upande wa Tulia, ambako shamba la ukoo lilikuwa limegawanywa hadi kila mtu akabaki na mistari michache ya kunde. Baba yangu alikuwa amekufa kwa homa. Mama alikuja na mbuzi tisa, mimi nikiwa mgongoni na Kavata akitembea mbele yake na sufuria kichwani. Wakati huo hapa palikuwa miiba mitupu. Alishuka mtoni, akapiga magoti kwenye mchanga mkavu, akachimba kwa mikono. Maji yalipotokea, yalimfika kwenye kiwiko. Aliyaonja, akawanywesha mbuzi, akamwambia Kavata, "Weka sufuria chini. Tumefika."

Wengine walimfuata mmoja mmoja. Walipoulizwa huko sokoni wanaishi wapi walijibu "kwa Syombua", na hilo likawa jina. Tulipokuwa wengi kabisa tulikuwa nyumba kumi na moja. Matuta yote unayoyaona kwenye kilima, yale yanayozuia udongo mwekundu usiteremke wakati wa mvua, yalichimbwa na mwethya, yaani wanawake wanaofanya kazi pamoja, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule, wakiimba. Ukipita juu ya tuta lolote hapa, ujue kuna mwanamke aliyelichimba na mtoto akiwa mgongoni. Mara nyingi mtoto huyo alikuwa mimi.

Kila mahali hapa pana jina ambalo halimo kwenye ramani. Lile bonde dogo tunaliita Kwa Punda kwa sababu punda wa Mzee Ndolo aliingia humo akakataa kutoka siku mbili, na kijiji kizima kikaenda kumbembeleza. Nakuandikia haya ili ujue kwamba kulikuwa na kijiji cha kupotezwa. Mtu akisikia kuwa watu fulani waliharibu mto wao, hudhani hawakuupenda.

Mimi nilitoka hapa nikiwa kijana, nikaenda Makindu. Nilikuwa taniboi, yaani utingo, wa malori ya barabara ya Mombasa, nikilala juu ya mizigo kwenye turubai. Siku nilizokosa kitu nilikula kwenye hekalu la Wasikh, wanaompa chakula kila msafiri bila kumuuliza anakotoka. Nilikaa huko miaka mingi, nikarudi nyumbani nimechelewa kuoa. Hapo ndipo nilipomkuta Mutheu akifundisha watoto wa nasari. Mama yako alikuwa mrefu kama wewe. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia jambo la kuchekesha, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua hadithi zake ziliishaje. Siku ulipozaliwa alikutazama, akaanza kunieleza unafanana na nani, akacheka, na mpaka leo sijui alitaka kumtaja nani.

Nilirudi na buti nzuri na namba za simu za madereva. Miji ilikuwa inajengwa kwa kasi, na mchanga wa mito ya Ukambani ulikuwa unatafutwa sana. Mimi niliwajua watu wa malori, na shule yetu ilikuwa na madarasa mawili yasiyo na paa. Nikaona Mungu amenirudisha kwa kazi hiyo.

Jumapili moja baada ya ibada niliomba watu wasiondoke. Nikasimama mbele, pale anaposimama mchungaji, nikawaeleza. Mchanga unaletwa na mvua kila mwaka, bure. Lori likija linachukua, mvua ikija inarudisha. Tutaezeka shule, na kila nyumba itapata kitu kidogo. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Halafu nyanya yako akasimama.

"Kioko," akasema, "ulipokuwa mtoto maji yalikuwa hapa." Akashika kiwiko chake. "Yalikaa hapo kwa sababu mchanga uliyashika. Ukiuza mchanga, maji yatakaa wapi?"

"Mama," nikamjibu, "maji yako chini na mchanga uko juu. Hivyo ni vitu viwili."

"Nani amekuambia?"

"Mama, mimi nimetembea. Nimeona mito yote mpaka baharini."

Watu wakacheka. Walicheka kwa wema, jinsi watu wanavyocheka mama anapokosolewa na mwanawe aliyefanikiwa. Yeye aliketi, akaanza kunyoosha pindo la leso yake kwenye magoti, akalinyoosha tena na tena. Mama yako Mutheu alikuwa amekaa karibu naye. Hakucheka. Jioni hiyo aliniuliza, "Umeuliza mtu yeyote ambaye mchanga wake umeshachukuliwa?" Nikamwambia aache woga. Mwanangu, katika maisha yangu nimesema uongo mwingi na maneno mengi makali, lakini hayo mawili, nililomjibu mama yangu na nililomjibu mke wangu, ndiyo ninayoyasikia nikiwa peke yangu.

Malori yalikuja. Shule ikapata paa, lile lile ulilosomea chini yake, kwa hiyo sitakuambia kwamba hakuna jema lililotoka humo. Lakini mvua haikurudisha kiasi kilichochukuliwa. Mwaka wa kwanza wanawake walichimba mpaka kimo cha mtu ndipo wakapata maji. Mwaka wa pili kisima kilikuwa vimo viwili. Walikata ngazi kwenye mchanga, mmoja akashuka na kopo, wa pili akasimama katikati, wa tatu juu, wakipokezana. Niliwaona nikipita na malori. Niliona, nikajiambia mvua zijazo zitakuwa nzuri.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwisho wa kiangazi. Ulikuwa na miaka minne na siku hiyo ulikuwa kwa nyanya yako. Mutheu ndiye aliyeshuka chini kisimani. Kavata alikuwa juu akipokea kopo. Mtu wa katikati hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo walifunga kopo kwa kamba. Kavata anasema alivuta kopo la sita au la saba, akalimimina kwenye mtungi, na alipogeuka kulirudisha, hakukuwa na shimo tena. Ukuta wa mchanga ulikuwa umeteremka kimya kabisa. Hakusikia hata sauti ya Mutheu.

Mimi nilikuwa kwenye kona ya pili ya mto, nikipakiza lori. Nilisikia Kavata akipiga mayowe nikajua, sijui nilijuaje. Tulikimbia mimi na wapakizi, kila mtu na beleshi lake mkononi. Kwa mabeleshi yale yale tulichimba. Mchanga mkavu wa juu ulikuwa unarudi haraka kuliko tulivyoutoa, mpaka wanawake wakaja na sufuria na mabeseni, wakaingia na mikono. Tulimpata jua likiwa limeinama. Alikuwa amesimama, mikono juu, kama mtu anayepokea kitu.

Hivyo ndivyo mama yako alivyokufa. Mto haukumchukua. Mto haukuwa na maji siku hiyo. Lililomchukua ni shimo refu kuliko shimo lolote lililopaswa kuchimbwa hapo, na lilikuwa refu kwa sababu yangu.

Siku moja baada ya mazishi lori lilikuja kama kawaida. Dereva hakuwa na habari. Nikatoka, nikasimama katikati ya njia. Akapiga honi, kisha akachungulia dirishani.

"Kioko, toka. Kuna nini?"

"Hakuna mchanga tena hapa."

"Ni wewe ulituita."

"Najua."

Alizima injini. Niliposikia vishindo nyuma yangu nilidhani ni watu wanaokuja kunitoa. Walikuwa wanawake wa mwethya. Wakaketi chini barabarani, wote, nyanya yako katikati yao. Lori likarudi nyuma mpaka kwenye mwinuko, likageuka. Sikujisikia shujaa. Nilijua linaelekea kijiji kingine upande wa chini, kwenye kisima cha mwanamke mwingine, na nikawa na furaha kwamba si chetu. Hilo nalo nakuambia ili usinione bora kuliko nilivyo.

Uongo ulikuja baadaye, wiki kadhaa baadaye, mvua za vuli zilipoanza. Mto uliteremka mwekundu, ukinguruma, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni umeshika suruali yangu. Siku zote hizo ulikuwa unauliza mama yuko wapi na watu wanakuambia yuko kwa Mungu. Ukatazama maji yale ukaniuliza, "Baba, mama aliingia humo?"

Nikasema, "Ndiyo. Mto ulimchukua."

Neno lilitoka jepesi. Kavata alikuwa nyuma yetu akipepeta mtama. Ungo ukasimama hewani. Nilingoja aniumbue. Baada ya muda akaendelea kupepeta. Kuanzia siku hiyo kila mtu alisema hivyo mbele yako, na mwishowe hata pasipo wewe. Kila nyumba ilikuwa imekubali malori, kila nyumba ilikuwa imepokea kidogo chake, na maneno yale yalitufaa sote. Nyanya yako peke yake hakuwahi kuyatamka. Ukimuuliza alikuwa anakupa kazi, unakumbuka? "Nenda ukaniangalizie kuku."

Halafu ukaanza shule, na shule iko ng'ambo. Wakati wa kiangazi mtoto anavuka mchanga kwa dakika chache. Wewe ulikataa. Ulizunguka mpaka kwenye daraja la barabara kubwa, mwendo wa karibu saa nzima, asubuhi na jioni, miaka minane. Walimu walikupiga kwa kuchelewa mpaka nikaenda kuwaomba wakuache. Niliwaambia mtoto anaogopa mto kwa sababu ya mama yake, na wao walijua ukweli wote, wakanitazama.

Siku moja ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa nakata kuni ukingoni nikakuona umesimama, viatu mkononi. Uliweka mguu mmoja mchangani. Mto ulikuwa mkavu, jua kali, ng'ombe wamelala katikati yake. Ulikaa hivyo kwa muda. Kisha ukautoa mguu, ukaupangusa, ukavaa viatu, ukashika njia ya kuzunguka. Ningekuita. Ulikuwa karibu, ningekuita kwa sauti ya kawaida tu. Nilijibanza pale na panga mkononi mpaka ulipopotea kwenye kona.

Watu wananisifu kwa sababu ya ukuta wa mtoni. Unajua habari yake, maana umekua ukiuona: jinsi fundi mmoja wa kanisani alivyotuonyesha kujenga kutoka mwamba hadi mwamba ili maji yakipita yaache mchanga nyuma, na jinsi tulivyobeba mawe kutoka kilimani viangazi viwili. Nyanya yako alibeba pia, na alikuwa mzee tayari. Mchanga ulirudi kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, na sasa ukichimba, maji yapo kwenye kiuno cha mtu. Wageni hupiga picha. Mimi huwaonyesha na kueleza, na sijawahi hata mara moja kuwaeleza kwa nini mchanga ulikuwa umekwisha. Nyumba nne zilikuwa zimeshahama kwa ukosefu wa maji. Mzee Ndolo alikwenda kufia kwa mwanawe Athi River, na nasikia mpaka mwisho alikuwa anauliza kama mto umeteremka. Ukuta hauwezi kuwarudisha hao.

Nilidhani kazi itanisafisha. Nilibeba mawe mpaka kucha zikang'oka, na nilikuwa nakwepa macho yako wakati wa chakula. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba kazi ile nilikuwa namfanyia mto, na mto haukuwa umenidai neno lolote. Wewe ndiye uliyekuwa unangoja neno.

Kabla nyanya yako hajafariki, nilikuwa namlisha uji. Akasukuma kijiko.

"Umeshamwambia?"

"Bado, mama."

"Mimi nilinyamaza kwa ajili ya mtoto. Usifikiri ni kwa ajili yako."

"Najua."

"Mimi sitamwambia. Hiyo ni kazi yako." Halafu akafungua mdomo nimpe uji. Ni miaka mitatu sasa, na bado nilikuwa natafuta siku nzuri. Ulikuwa na mitihani, halafu ukawa unatafuta kazi, halafu ukaipata na ukawa na furaha, nikasema nisikuharibie.

Huko hospitali watakuja watu kama mimi. Mtu ataleta mtoto aliyeungua, au mke aliyeanguka, na maelezo yake yatakuwa mepesi mno. Wewe una macho ya nyanya yako, utaona. Sikuombi uwahurumie. Lakini ukiweza, mwulize mara ya pili, polepole, mkiwa wawili. Mimi kama kuna mtu angeniuliza mara ya pili, nadhani ningesema. Labda pia nasema hivyo kujitetea. Sijui.

Sikuombi unisamehe. Sijui hata kama ningefurahi ukinisamehe haraka. Wala sikuombi urudi hapa. Nimeona vijana wakiondoka kila mwaka, na zamani nililalamika pamoja na wazazi wenzangu, lakini wewe nitakuangalia ukienda nikijua sina haki ya kulalamika. Ninachotaka ni kwamba ukisimama siku moja kando ya mto mkavu huko kaskazini, na mito kama hiyo iko, usiogope. Hukuumbiwa woga huo. Nilikupa mimi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya sanduku, katikati ya sare zako, uisome ukiwa mbali. Nilishaikunja. Kisha nikaona kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimejibanza tena na panga langu kichakani. Kwa hiyo nitaiweka mezani, juu ya Biblia yako, utaiona ukiingia.

Nitakuwa jikoni. Nimeshainjika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na mbaazi zimeiva. Ukitaka kunipigia kelele, njoo hapo hapo, na Kavata akiwepo pia, maana naye ana haki ya kusikia. Ukitaka kwenda kulala bila kuniona, nenda. Chakula nitakiacha kimefunikwa, na asubuhi nitabeba sanduku lako mpaka barabarani nikitembea nyuma yako.

Baba yako,
Kioko